Mkimbiaji Asiye na Safari

Mtu akimbiapo, wanaomwona hutazama nyuma yake wajue anayemfukuza, kisha mbele yake wajue anachokifukuza. Wasipoona adui wala windo, humdhania kuwa ana habari ya msiba, au amepungukiwa na akili. Mazoea hayo ni ya kale, nayo yana sababu: nguvu za mwili ni mali, na mwenye mali huulizwa aliitumiaje. Walakini yuko mkimbiaji ambaye hafukuzwi wala hafukuzi. Huondoka nyumbani alfajiri, akapanda kilima, akapenya mwituni, akazunguka majabali, akarudi kwa mlango uleule aliotokea. Hakuleta kuni, hakupeleka salamu, hakununua wala hakuuza. Je, mtu huyu amezitumia nguvu zake au amezitupa? Swali ni dogo kwa sura, lakini ndani yake limo kubwa zaidi: je, kila tendo la mwanadamu sharti lilete faida nje ya tendo lenyewe, ndipo lihesabiwe kuwa jema?

Yafaa swali hili lipewe mahali, maana hukumu isiyo na mahali ni rahisi mno. Kusini ya mji wa Mwanza, katika wilaya ya Misungwi, ipo Usagara, ambako barabara iendayo Shinyanga huachana na ile ishukayo Kigongo, kwenye Ghuba ya Mwanza. Barabara nyingine hutoka hapo kwenda Kisesa, na karibu na Kisesa kipo kilima cha Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma. Nchi hiyo ni ya vilima na mawe makubwa yaliyopandana kama kwamba yamepangwa kwa mkono. Kati ya mawe huota migunga, mikuyu na vichaka. Kiangazi kikifika, miti mingi hupukutisha majani, na vijia vilivyofichwa na masika hudhihirika, vyembamba na vyeupe, vikipanda na kushuka. Hapana mhandisi aliyevipima. Vilikanyagwa na miguu, na kila mguu ulikuwa na haja yake.

Asiyejua atauliza: katika nchi hii iko wapi ngome au kasri, kama zile zinazosimama juu ya misitu ya Ulaya, au kama Ngome ya Yesu inavyosimama juu ya bahari ya Mombasa? Jibu ni kwamba enzi ilikuwako, ila haikujengwa kwa mawe. Bujora lipo jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za watemi. Mahali hapo palianzishwa na padri David Clement, mtu wa Kanada, aliyetambua kwamba watu wasiotunza kumbukumbu zao huwa wageni nyumbani kwao. Utawala wa watemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, lakini neno lao halikufutwa: ikulu, makao ya mtemi katika Kisukuma na Kinyamwezi, leo ni jina la nyumba ya Rais wa Tanzania.

Zamani njia nyingi zilielekea ikulu. Aliyezipita mbio alikuwa ametumwa: amebeba ushuru, ameitwa barazani, au amepeleka habari za vita. Baadaye zikaja njia ndefu zaidi. Wanyamwezi na Wasukuma walijulikana hata pwani kwa upagazi. Walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo na kurudi na nguo na shanga, mabegani mwao mizigo ya ratili 60 na zaidi. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke, akitoka Kaze, penye Tabora ya leo, alifika katika vilima vya Mwanza akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Jina la Speke limo katika kila kitabu cha safari hizo. Jina la kiongozi wake, Sidi Mubarak Bombay, limo katika baadhi. Majina ya wapagazi waliopanda kilima kilekile na mizigo yao hayamo karibu popote. Kwa karne nyingi, basi, miguu ya nchi hii ilikwenda kwa amri ya mwingine au kwa amri ya tumbo.

Kwa hiyo mkimbiaji asiyetumwa ni kiumbe kipya katika njia hizi. Hapo ndipo mashtaka juu yake yanapoanza, nayo si mepesi. Saa ileile apandapo kilima kwa kujifurahisha, mwanamke hushuka na mzigo wa kuni, kata kichwani, shingo imekazwa, macho chini yasije yakakosa jiwe la kukanyaga. Wote wawili hutoka jasho, lakini jasho la mmoja ni mchezo na la mwingine ni chakula cha jioni. Mshtaki husema: kama huyu ana nguvu za ziada, kwa nini asimpokee yule mzigo? Kumwaga jasho bure mbele ya mtu ambaye jasho halimtoshi, je, si sawa na kumwaga maji mbele ya mwenye kiu? Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na mkimbiaji apitaye bila hata kugeuza shingo huthibitisha kwamba methali hiyo haijazeeka.

Watetezi wa mkimbiaji hujibu upesi kwamba mbio huleta afya. Jambo hilo ni kweli, lakini ni utetezi dhaifu. Kwanza, mwanamke mwenye kuni hatasadiki kwamba yeye amekosa mazoezi. Pili, utetezi huo unakubali bila kubisha msingi wa mshtaki, yaani kwamba tendo lisilo na faida halina haki ya kuwako. Mkimbiaji hupokonywa uhuru wake na kufanywa mpagazi tena, ila mzigo wake sasa ni mwili wake mwenyewe, na bwana wake ni hofu ya maradhi. Hapana budi kutafuta jibu lililo ndani zaidi, na jibu hilo haliko mbali na vilima hivyo.

Wasukuma wana desturi iitwayo ngitili. Mvua zinyeshapo na majani yakawa tele, sehemu ya malisho hufungwa. Mifugo haiingii, shoka haliingii. Jicho la haraka huiona ardhi hiyo kuwa imelala bure: ng'ombe wako karibu, majani yako karibu, na hapana anayekula. Kiangazi kikali kifikapo, ngitili hufunguliwa, na ndipo hekima yake ionekanapo. Historia imetoa ushahidi wa pande zote mbili. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilifyeka mapori mengi katika nchi ya Shinyanga kwa kupigana na mbung'o. Kisha mashamba ya pamba, wingi wa mifugo na haja ya kuni vikaendeleza kazi ya shoka, hata nchi ikabaki uchi. Mwaka 1986 ilianzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyofupishwa HASHI, na miongoni mwa silaha zake kubwa ilikuwa kurudisha desturi ileile ya wazee. Miti ilirudi mahali pengi, mara nyingi bila kupandwa, kwa kuachwa tu.

Ngitili inafundisha kwamba kutotumia si kupoteza. Kama ardhi ina haki ya kuwa na sehemu isiyoliwa kila siku, moyo wa mwanadamu una haki hiyo pia. Saa ya mkimbiaji ni ngitili yake: kipande cha siku kilichofungwa, ambamo hapana ng'ombe wa haja anayeruhusiwa kuingia. Atakayesema kwamba masikini hahitaji kipande hicho hamjui masikini. Wasukuma, ambao jembe limewatesa kama lilivyotesa mataifa mengine ya wakulima, ndio walewale waliokuza vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu tangu karne ya 19, vikishindana baada ya mavuno mpaka vumbi likafunika wachezaji. Mkulima aliyechoka kwa miezi akacheza kwa siku nyingi hakuwa amesahau thamani ya nguvu. Alijua kwamba nguvu zisizowahi kutumika kwa hiari, hata zikiwa nyingi, ni nguvu za mtumwa.

Tena mwendo wenyewe waweza kuwa na maana ambayo kufika hakuna. Oktoba 1967 Rais Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, maili 138, kwenda kwenye mkutano wa TANU, ili kuliunga mkono Azimio la Arusha. Kama kufika ndiko kulikotakiwa, gari lingemfikisha kwa saa chache. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Oktoba 1968, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, akichechemea na bandeji mguuni, watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao. Mbele yake hapakuwa na nishani. Sifa zilimjia baadaye. Alipokuwa akikimbia hakuwa na ahadi yake. Lakini ni nani athubutuye kusema kwamba maili zile za mwisho zilipotea?

Hata hivyo jibu hili halimwachi mkimbiaji bila deni. Mshtaki alikosa aliposema kwamba mbio zisizo na safari ni upotevu; hakukosa aliposema kwamba mwenye kuni hakuonekana. Kosa haliko katika kukimbia bila haja, bali katika kukimbia bila macho. Kijia kilikanyagwa na wenye haja kabla hakijampendeza asiye na haja, kwa hiyo yeye ni mgeni wao, na mgeni ana adabu zake. Mwenye mzigo apishwe, na anayepisha atoke yeye njiani, asimtoe mwenzake. Salamu itangulie miguu. Mti usivunjwe, wala njia mpya isikatwe palipofungwa na wenyeji kwa ajili ya ngitili. Na siku mzigo unapokuwa mzito kupita kiasi, mwenye nguvu za hiari akumbuke kwamba hiari huweza pia kubeba. Asiyeyatimiza hayo hana hoja mbele ya mshtaki, hata akimtaja Akhwari mara mia.

Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Ghuba ambayo abiria waliisubiri kwa kivuko, pengine kwa saa nzima na zaidi, sasa huvukwa kwa dakika chache, na magari yapitayo Usagara yana haraka kuliko zamani. Ni neema, na wagonjwa waliowahi kungoja kivuko usiku wanaijua kuliko wengine. Lakini daraja huokoa muda tu. Haliwezi kumwambia mtu autumie kwa nini. Kama kila saa iliyookolewa italishwa haja nyingine, mtu huyo hataona kwamba ameokoa kitu. Wakati magari yakipita chini, juu ya vilima vijia vingali vyembamba, na vinamtosha mtu mmoja kwa wakati. Wawili wakikutana humo, mmoja na kuni na mwingine mikono mitupu, hapana haja ya mwanafalsafa kuamua nani asimame kando.