Nani Ana Haki ya Kuonja?

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kumcheka mgema. Hebu leo tumwangalie yule mwingine, mnywaji. Alijuaje kwamba tembo limetiwa maji? Alionja. Methali nzima imesimama juu ya ulimi wake, na haiulizi ana pesa ngapi mfukoni.

Mnywaji wa Kibera ama Kawangware hapewi heshima hiyo. Akishika Tusker baridi, bia nyepesi ya asilimia 4.2 yenye picha ya ndovu, na aseme leo inateleza poa, ataambiwa awache mbwembwe. Msee wa Westlands akisema maneno hayo hayo, huyo anajua bia. Ni kama tumekubaliana kimyakimya: tajiri huonja, maskini hulewa.

Fikira hii ina historia. Bia ya kiwanda ilianza kutengenezwa Ruaraka mwaka 1922, na kreti za kwanza zikapelekwa hoteli ya Stanley. Mwafrika alikatazwa bia ya chupa hadi 1947. Yake ilikuwa pombe ya kienyeji, auziwe na manispaa katika kilabu cha Pumwani. Sheria haikusema hana ulimi, ila ilimpangia maisha kana kwamba hana. Senator Keg ilipoletwa mwaka 2004, ilipunguziwa ushuru ili watu waachane na chang'aa. Sababu ni nzuri, siibezi. Lakini ona jinsi bia ya mtaa ilivyobidi ijitetee kama dawa. Kwamba watu wa mtaa wanapenda kitu kitamu, basi, haikutosha kuwa sababu.

Kuna mathe anayetoka Kawangware kila asubuhi kwenda kufua nguo Lavington ndio karo ilipwe. Kwake, shilingi iliyonywewa imepotea, iwe ilionjwa ama ilibugiwa. Ana haki, na neno "ladha" haliwezi kuficha deni la nyumbani. Lakini kosa la mumewe ni kuchukua kisicho chake. Kufurahia si kosa. Tukichanganya hayo mawili, tunamfunza maskini kwamba kila raha yake ni wizi, na anayeamini hivyo hunywa haraka haraka, kwa kujificha, bila kuonja chochote.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Mwaka 2013 ile nafuu ya ushuru ilipunguzwa, bei ya keg ikapanda, mauzo yakaanguka. Kiu haikuanguka. Mei 2014, makumi ya Wakenya walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Ulimi haungewaokoa, kwa sababu methanoli haijitambulishi mdomoni. Hapa methali yetu inafika mwisho wa njia: mnywaji anaweza kutambua maji, sumu hawezi.

Kumbe kuonja kunawezekana tu pale ambapo mtu mwingine, mpimaji ama mkaguzi, ameshahakikisha kwamba hutakufa. Tajiri haoni ulinzi huo. Anadhani ni ulimi wake uliosoma. Maskini akifumba macho na kumeza kwa mkupuo, tunamwita mlafi, na pengine ni mtu tu asiyejua kilicho kwenye glasi.

Kwa hivyo haki ya kuonja si mambo ya madoido. Ni haki ya kunywa bila hofu, polepole, kwa pesa ambayo kweli ni yako, halafu useme hii ni tamu ama hii imetiwa maji, na usikizwe. Ukiketi kwa baa Kawangware, mhudumu atakuuliza: baridi ama moto? Swali ni dogo, lakini limeshakubali kwamba una ulimi na una uamuzi. Wanaotunga sheria za pombe ya mtaa wangeanzia hapo, kabla ya kuwatuma polisi na rungu.