Mgeni Alipaye Fedha, Je, Ni Mgeni Bado?



Katika lugha yetu neno mgeni lina maana mbili. Humtaja mtu tuliyemwalika, tena humtaja mtu tusiyemjua. Wazee waliotuachia neno hili hawakuona haja ya kuwatenga watu hao wawili, kwa kuwa mtu asiyejulikana akisimama mlangoni na kupiga hodi, papo hapo aliitikiwa karibu. Lakini siku hizi yuko mtu wa tatu, naye ndiye nitakaye tumfikiri mwezi huu. Hakupiga hodi kwa sauti. Aliiona nyumba katika simu, akachagua siku zake, akatuma fedha, ndipo akaja. Je, tuna deni gani kwake zaidi ya kitanda alichokilipia?

Jambo hili si la mbali. Pongwe iko katika njia kuu itokayo Tanga kwenda Muheza na Segera, na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipita hapa kabla ya kufika Muheza mwaka 1896. Wasafiri si jambo jipya kwetu. Kiwanda cha saruji huleta mafundi na madereva. Mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni huleta watazamaji. Tena tangu Agosti 2017, jiwe la msingi la bomba la mafuta lilipowekwa Chongoleani, bomba la kilometa 1,443 kutoka Hoima katika Uganda, watu wengi wa kazi wamekuja Tanga. Mzee aliyejenga nyumba kwa ajili ya watoto wake, na watoto wamehamia Dar es Salaam, ana vyumba vitupu. Akivipangisha kwa siku, hakuna wa kumlaumu. Mtu hula kwa jasho lake, na nyumba yake ni jasho lake.

Hata biashara hii ya mtandaoni ilianza kwa watu kukaa pamoja. Kampuni ya Airbnb, iliyoundwa mwaka 2008, ilitokana na vijana wa San Francisco ambao mwaka 2007 walitandika magodoro ya kujaza upepo katika nyumba waliyokaa wenyewe, wakawalaza wageni wa mkutano kwa fedha. Wageni hao waliwaona wenyeji wao. Leo mahali pengi imekuwa vingine. Mwenye nyumba yu mji mwingine. Ufunguo umo katika kisanduku cha chuma kando ya mlango. Mgeni hutumiwa namba ya kukifungua. Huingia, hulala, huondoka, wala hakuona uso wa mtu.

Watu husema, kuna ubaya gani? Nasi yatupasa kuisikia hoja yao kwa haki. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku katika nchi yetu. Mtu ashukaye saa tisa usiku amechoka. Hataki hotuba, ataka maji na kitanda. Tena mwanamke asafiriye peke yake aweza kuogopa zaidi akimkuta mwanamume asiyemjua akimngoja gizani kuliko akikikuta kisanduku. Maneno haya ni ya kweli. Kumpokea mtu kwa namna inayomtia hofu si kumpokea.

Walakini nadhani hoja hiyo yajibu swali lingine. Yatuambia jinsi ya kumpokea mgeni. Haisemi kwamba hapana haja ya kumpokea. Wala hatuko peke yetu katika kuuliza. Mji wa New York, tangu Septemba 2023, husimamia sheria kwamba apangishaye nyumba yake kwa muda ulio chini ya siku 30 awe ameandikishwa, tena awe yumo nyumbani pamoja na wageni. Katika Italia, Novemba 2024, Wizara ya Mambo ya Ndani iliagiza kwamba wageni watambuliwe uso kwa uso, na agizo hilo likabishaniwa mahakamani. Serikali hutazama usalama na kodi na uhaba wa nyumba, nazo ni kazi zake. Sisi tutazame dhamiri.

Katika Luka 10 tumezoea kumtazama Msamaria, tukampita mwenye nyumba ya wageni. Lakini mtu huyu alilipwa. Alipewa dinari mbili, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, akaahidiwa nyingine kama gharama ikizidi. Wala Bwana hakumlaumu kwa kuzipokea. Tazameni basi alilipwa kwa kazi gani: si kwa kitanda tu, bali amtunze yule aliyejeruhiwa. Fedha ile haikumwondolea wajibu, ilimfunga nao. Kabla ya kuipokea aliweza kusema, mtu huyu simjui. Baada ya kuipokea hakuweza tena. Wengi wetu twafikiri kinyume: kwamba amelipa, basi tumemalizana. Mimi naona kwamba amelipa, basi tumeanza.

Na sababu yake ni hii. Mpangaji wa mwaka ana majirani. Akiugua, jirani hupiga hodi. Mgeni wa jamaa ana jamaa yake. Lakini mpangaji wa siku mbili hana jirani wala jamaa. Akishikwa na homa usiku hajui hospitali iko upande gani. Umeme wa LUKU ukikatika, hajui amwulize nani. Mtu mmoja tu katika mtaa mzima ana habari kwamba yuko, naye ni yule aliyepokea fedha yake.

Hapa mtu aweza kusema: kuuona uso kwaweza kuleta dhambi pia. Ni kweli. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walituma maombi ya kupanga kwa wenye nyumba wapatao 6,400 katika miji mitano ya Marekani. Maombi yalikuwa sawa, ila majina tu. Wenye majina ya Kizungu walikubaliwa kama 50 katika kila 100. Wenye majina ya Wamarekani Weusi kama 42. Baadaye, mwaka 2018, Airbnb ilitangaza kwamba mwenye nyumba hataonyeshwa picha ya mgeni mpaka awe amekwisha kumkubali. Nasi tusijione wema, kwa maana wako kwetu waulizao kabila au dini kwanza, ndipo waseme kama chumba kipo. Basi tutofautishe saa mbili. Kabla ya kukubali, uso wa mtu usiwe mizani. Baada ya kukubali, kuuona ni wajibu.

Ni wajibu hasa kwa ajili ya wale wasioweza kujisemea. Mwanamume akifika na binti mdogo, akamwita mpwa wake, na binti ameinamisha macho, kisanduku cha chuma hakitaona neno. Mwenyeji aliyesimama mlangoni ataona, ataweza kuuliza kwa upole, na akiwa na mashaka ataipasha habari polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Tunayo tangu mwaka 2008 sheria ya kuzuia biashara haramu ya kusafirisha binadamu. Lakini sheria haina macho ila ya watu. Asiyetaka kuona, kisha akapokea fedha, asiseme hakujua.

Tena liko neno la yule anayengoja. Mara nyingi mwenye nyumba husifiwa kwa mapokezi mazuri, na aliyepokea ni kijana aliyekaa barazani mpaka usiku wa manane, basi likichelewa, wala hakulipwa kwa saa zile. Ukarimu unaotolewa kwa jasho la mwingine pasipo ujira si ukarimu. Ukimtuma mtu angoje, mlipe kwa kungoja kwake.

Basi, ifanyweje? Mambo yenyewe si makubwa. Mwulize mgeni mapema atafika saa ngapi, na apenda kupokewa na nani. Kama ni mwanamke peke yake, mama wa nyumba aende. Mweleze njia kwa alama zionekanazo usiku. Taa ya nje iwake, maji yawemo katika pipa, chandarua kiwe kizima. Mwandike katika kitabu cha wageni, lakini usiipige picha hati yake na kuiacha katika simu ya kila mtu. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 yatubana hapo, hata adabu pia. Mpe namba ya mtu atakayeitika usiku. Kisha mwache apumzike. Na kama hakuna budi ila kisanduku, mtu na aende asubuhi kupiga hodi, aulize ameamkaje.

Mwenyeji, ukilisikiliza neno hilo, ni mwenye mji. Nyumba yaweza kupangishwa kwa siku mbili, wenyeji haupangishwi. Atakaye kuwa na nyumba ya wageni, na awe pia tayari kuwa mwenyeji wao.