Punda Mchanga na Mkokoteni

Huku Samuye, mkoani Shinyanga, asubuhi hii punda wameshafungwa mikokoteni, wanafuata maji. Natamani tumfikirie punda mchanga anayeanza kufundishwa kazi. Hufungwa kando ya mkubwa aliyezoea, kwanza bila mzigo, kisha na mkokoteni mtupu, ndipo madumu machache. Aongozwe kwa sauti na kamba. Fimbo humfundisha woga tu.

Na jamani, tusimvishe nira ya ng'ombe! Ng'ombe ana nundu ya kuizuia nira. Punda huvuta kwa kifua, hivyo anahitaji mkanda mpana na laini. Mzigo nao ukae sawa juu ya ekseli, usimlemee.

Nasema kwa uchungu, maana mkoa wetu ulikuwa na machinjio ya punda, ngozi zikipelekwa China kutengenezewa dawa. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaizuia biashara ya ngozi zao barani kote. Waliobaki ndio wanaobeba maji ya nyumba nyingi. Leo kabla hujapakia, pitisha kiganja chini ya mkanda, utazame kama kuna mchubuko.