Kalamu Iko Wapi?

Jumapili moja mjomba alitoka kwao Bungoma akaja kwetu Kitale na bahasha ya kaki. Chai ilipoisha akatoa fomu, akamwambia mama, "Dada, weka sahihi hapa tu, ni mambo ya korti." Mama akauliza kalamu iko wapi. Hakuuliza fomu inasema nini.

Niliisoma mimi. Ilisema mama anakubali ndugu zake wa kiume wagawane shamba la babu, ekari saba, na yeye hadai kitu.

Najua mtasema, si umwambie tu haki zake? Hizo nilizijua. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na inapogawa mali ya mzazi haitenganishi mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa na ambaye hajaolewa. Katiba ya 2010 ikakazia. Jina la binti likifichwa kwenye barua ya chifu, anaweza kwenda kortini na hati ya kusimamia mirathi ikafutwa. Sheria haina shida hapa.

Shida ni kwamba huyu ndiye mjomba aliyenichinjia ng'ombe Agosti 2014, akanivalisha nyama shingoni mbele ya watu, nikarudi nyumbani nikijiona mwanaume. Kwetu Wabukusu, khocha si mtu wa kupeleka kortini. Na mama akidai, siku ya matanga tutakaa upande gani wa hema?

Halafu kuna jambo linalonisumbua zaidi. Pengine mama anataka kweli kuwaachia. Ana nyumba Kitale, ana kashamba kake ka mahindi, anawapenda ndugu zake. Mimi ni nani nimwambie mtu mzima kwamba ndiyo yake si ndiyo? Huko pia ni kumziba mdomo, tena kwa maneno ya shule.

Lakini huwezi kutoa zawadi ya kitu ambacho hukuambiwa ni chako. Sahihi ya upendo na sahihi ya woga zinafanana kabisa kwenye karatasi. Hakimu anaweza kuuliza kama wote wamekubali, na wote watajibu ndiyo, kwa sababu nani atabisha mbele ya kaka zake? Korti haiwezi kuona tofauti hiyo. Anayeweza kuiona ni yule anayeomba sahihi, kwa hivyo mzigo naona ni wake. Si lazima mjomba agawe kwanza. Ni aseme tu, kabla ya kutoa kalamu: "Dada, tuko watoto sita, fungu lako hapa ni ekari moja na kidogo. Unalitaka?" Kama swali hilo linamchoma kooni, basi anajua tayari anachoomba.

Nikaisoma fomu kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. Sikuongeza neno langu. Mjomba alikuwa anaangalia kikombe. Nilidhani mama atanikemea kwa kumwaibisha mgeni, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kujuta.

Mama akaweka kalamu chini. "Hiyo yangu," akamuuliza ndugu yake, bila hasira, "ingekuwa upande gani? Wa mto ama wa barabara?"

Mjomba akasema atawauliza wenzake. Aliondoka na matatu ya saa kumi. Bahasha aliiacha, iko juu ya kabati.