UFA WA NYUMBA YAKO NI WA NANI?



Yako mambo ambayo sisi wanadamu huyahesabu kuwa ni ya fundi na mwashi tu, wala hatuyapi nafasi katika mizani ya mema na maovu. Moja katika hayo ni matunzo ya nyumba. Tukisikia neno dhulma, fikira zetu huwaendea watawala wanaowaonea raia, wafanya biashara wanaopunja mizani, na mashahidi wa uwongo. Ni nadra sana mtu kuutazama ukuta wa nyumba yake mwenyewe, ulioingia ufa tangu masika ya mwaka juzi, akajiuliza: Je, ufa huu nao una hisabu? Je, yawezekana mtu akawa mdhalimu kwa kukaa kitako barazani tu, asifanye lolote?

Hilo ndilo suala tunalotaka kulizungumza nawe leo. Na jawabu yetu tunaitanguliza mapema: anayeahirisha kutengeneza nyumba yake hadhani ila kwamba anaokoa fedha zake, kumbe anaihamisha deni ile na kumtwika mtu mwingine ambaye hakuulizwa.

UKUTA ULIOTAKA KUANGUKA

Katika Suratul Kahf kuna kisa ambacho wengi wetu hukisikia kila Ijumaa, lakini pengine hatukukizingatia kwa upande huu. Nabii Musa (a.s.) na yule mja mwema, ambaye wafasiri wengi humwita Khidhri, walifika katika mji mmoja wakaomba chakula, na wenyeji wakakataa kuwakirimu. Katika mji huo huo wakakuta ukuta unaotaka kuanguka, na yule mja mwema akausimamisha. Nabii Musa akastaajabu: mbona hakutaka ujira, nao wana njaa? Baadaye akaelezwa sababu. Ukuta ule ulikuwa wa mayatima wawili, chini yake mna hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema.

Hebu tuzingatie, ndugu msomaji. Aliyeutengeneza ukuta hakuwa mwenye nyumba. Hakulipwa, wala hakushukuriwa. Na walionufaika walikuwa ni watoto wawili ambao hawakuwapo, na pengine hawakupata kujua kwamba siku moja hazina yao ilikuwa karibu kufukuliwa na kupotea. Kusimamisha ukuta kulistahili kufanywa na mja aliyepewa elimu kutoka kwa Mola wake! Basi vipi sisi tunaiona kazi hiyo kuwa ni ndogo, isiyohusiana na dini wala na tabia?

HUKUMU YA UKUTA ULIOINAMA

Wanazuoni wa fikihi hawakuliacha jambo hili lipite hivi hivi. Waliuliza: Ikiwa ukuta wa mtu umeinama upande wa njia, kisha ukaanguka ukamuua mpita njia au ukaharibu mali ya jirani, je, mwenye ukuta atalipa?

Walikhitilafiana. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, kauli iliyopewa nguvu ni kuwa aliyeujenga ukuta tangu mwanzo umeinamia njiani atalipa, na aliyeujenga umenyooka kisha ukainama wenyewe hatalipa. Nao wako waliosema kwamba atalipa ikiwa aliweza kuubomoa au kuutengeneza asifanye. Ama wanazuoni wa Hanafi walisema kwamba, ikiwa mwenyewe alionywa, akapata muda wa kutosha na uwezo wa kuubomoa, kisha akapuuza, basi fidia ni juu yake. Kauli hiyo ndiyo iliyoingizwa katika Majalla, kanuni za Dola ya Uthmaniya zilizotungwa baina ya mwaka 1869 na 1876.

Na humo mna jambo zuri sana. Je, ni nani mwenye haki ya kuonya? Wakasema: ikiwa ukuta unainamia nyumba ya jirani, wa kuonya ni mkaazi wa nyumba hiyo, na ikiwa unainamia njia ya watu wote, basi kila mwenye haki ya kupita njia hiyo ana haki ya kuonya. Yaani mchukuzi anayepita na gari lake la mkono, au mtoto anayekwenda chuoni, anaweza kusimama mlangoni kwako akasema: "Ukuta wako umeinama." Na tangu saa hiyo udhuru wako umekwisha.

Tusidanganyike na khitilafu hii. Walikhitilafiana juu ya kulipa mali. Hawakusema kwamba ni jambo jema kumwangushia mwenzio kifusi. Ikiwa tumefundishwa kwamba kuondoa njiani kitu cha kuudhi ni tawi katika matawi ya imani, basi itakuwaje kwa yule ambaye kitu chenyewe cha kuudhi ni nyumba yake?

NDOO CHINI YA DARI

Mwandishi wa maneno haya hakuyapata vitabuni peke yake. Zamani nilikaa ghorofa ya juu katika nyumba ya mawe ya kale, na chini yangu alikaa bibi mmoja mjane. Masika moja nikaona doa darini, rangi ya chai. Nikaweka ndoo. Masika ya pili ndoo ikawa mbili. Kila usiku wa mvua niliamka nikazimwaga, na moyoni nikajiona mtu mwangalifu sana.

Mwaka wa tatu nilisafiri siku nne, na mvua haikusafiri nami. Ndoo zikajaa, maji yakaenea sakafuni, yakashuka chini. Lipu ya dari ya bibi yule ikaanguka juu ya mswala wake, naye amekwisha kuinuka kitambo kidogo tu. Niliporudi nikashuka kumwomba radhi. Hakunikaripia. Alinitazama akasema: "Mwanangu, mimi sikuwa na ndoo."

Fundi alipopanda juu ya paa alikuta bati moja limeachana na msumari wake. Ilikuwa ni kazi ya asubuhi moja. Lakini kichwa cha boriti kilichokuwa chini ya bati lile kilikuwa kimekwisha kuoza, na hiyo ilikuwa ni kazi ya mwezi mzima. Waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta walisema kweli. Nami naongeza kwamba pengine utaujenga ukuta, lakini hutaweza kumrudisha aliyekuwa chini yake.

KUTENGENEZA SI KUPAMBA

Wengine watasema: "Mbona sisi nyumba zetu tunazishughulikia? Kila Idi tunapaka rangi." Hapa panatupasa tupambanue baina ya kupamba na kutengeneza. Rangi ya mbele huonekana na wageni. Bati la paa halionekani na mtu yeyote. Kupamba hakukatazwi, madhali hakuna israfu. Lakini mwenye kupaka rangi mlango wake na huku paa linavuja amewafanyia kazi watazamaji, na wakaazi amewaacha.

Chukua mfano wa nyumba za kale za mwambao, za Unguja, Mombasa na Lamu. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hii hunywa maji ya mvua, kisha huyatoa jua linapowaka, kwa sababu chokaa hupitisha unyevu. Anakuja mwenye nyumba wa leo, anaona chokaa inabambuka, anaupiga ukuta lipu ya saruji ili upendeze na udumu. Saruji haiupi ukuta nafasi ya kupumua. Maji yaliyoingia kwa juu hayapati pa kutokea. Huulainisha udongo ulioko ndani na kuziozesha boriti. Nje ukuta unang'aa, ndani unaoza. Nia yake ilikuwa njema, lakini hakumwuliza anayejua.

Wala sifa hazishikilii ukuta. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, linajulikana dunia nzima, na Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka hali matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Mafundi walikuwa wamekwisha kufika, lakini ukuta haukuwangoja.

NYUDHURU TATU

Wa kwanza husema: "Dunia ni mapito, nyumba ya nini?" Kweli dunia ni mapito. Lakini msafiri mwema hauvunji mtungi wa kisimani kwa kuwa yeye amekwisha kunywa. Nyuma yake wako wengine wenye kiu.

Wa pili husema: "Nyumba si yangu. Mimi ni mpangaji tu," au: "Sisi ni warithi saba, kwa nini nianze mimi?" Kama u mpangaji, nyumba ni amana mkononi mwako, mwonye mwenyewe kwa maandishi au mbele ya mashahidi, na usiligeuze doa la leo kuwa siri. Kama m warithi, igeni kanuni ya wakfu. Wanazuoni wameeleza kwamba mapato ya wakfu hutangulia kutumika katika kuihifadhi mali yenyewe, ndipo wenye kustahiki wagawiwe. Basi nanyi, kabla ya kugawana kodi, toeni fungu la nyumba. Ihesabuni nyumba kuwa ni mrithi wa nane, tena ndiye wa kwanza kupewa.

Wa tatu husema: "Sina uwezo." Huyu hatumlaumu, kwani hakuna anayekalifishwa asichokiweza. Lakini asiyeweza kujenga anaweza kuegemeza nguzo, anaweza kuwahamisha watoto wasilale chini ya ukuta ule, na anaweza kuwatahadharisha wapita njia. Na mtaa nao una wajibu juu yake. Mbona tunachangia arusi kwa wingi, na paa la mjane hatulichangii?

YA KUFANYA KABLA YA MVUA

Ili maneno yetu yasibaki hewani, ndugu msomaji, haya ni machache unayoweza kuyaanza wiki hii.

Kwanza, kabla ya masika ya Machi na vuli ya Oktoba, paa likaguliwe na mifereji yake izolewe majani. Adui mkubwa wa nyumba ni maji, na mara nyingi doa huonekana mbali na pale yanapoingilia.

Pili, ukiona ufa, ubandike kipande chembamba cha plasta kukatisha juu yake, uandike tarehe. Kipande kikibaki kizima miezi kadhaa, ufa umelala. Kikikatika, ukuta unatembea. Mwite fundi, wala usimwite mpaka rangi.

Tatu, ndege huacha mbegu za mitini katika nyufa. Mche wa urefu wa kidole ung'oe pamoja na mizizi yake. Ukiukata tu utachipua tena, na mizizi itafanya kazi ya kabari.

Nne, tazama chini ya kuta na pembeni mwa mbao kama mchwa wamejenga vijia vyao vya udongo. Gonga mbao, ikilia kama ngoma tupu, imekwisha kuliwa ndani.

Tano, mwaga maji yaliyotuama katika ndoo, makopo na visahani vya maua, na vyombo uvisugue, angalau mara moja kila wiki. Mbu huweza kukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hivi, na yule anayeeneza homa ya dengi hupenda maji yaliyotuama karibu na watu. Aliyezaliwa katika ndoo yako hatauliza mpaka wa kiwanja kabla ya kumwuma mtoto wa jirani.

MWISHO

Mtu akiiziba nyumba yake leo, hakuna atakayemsifu. Hakuna mtu anayesimama njiani akasema: "Tazameni, ukuta huu haukuanguka!" Kazi ya matengenezo haina shahidi, kwa sababu matunda yake ni msiba ambao haukutokea. Ndiyo maana inasafisha nia ya mwenye kuifanya. Na ndivyo ilivyokuwa kwa ule ukuta wa mayatima wawili: mji mzima uliupita, na mgeni mwenye njaa ndiye aliyeusimamisha.

Basi leo, ukifunga ukurasa huu, inuka uizunguke nyumba yako mara moja, polepole, kama mgeni. Angalia juu, angalia chini. Na ukiona ukuta wa jirani umeinama, usiende kuusimulia barazani kwa wengine. Mwendee mwenyewe, mpigie hodi, umwambie kwa upole. Ni haki yako kwa kuwa unapita njia hiyo, na ni haki yake kwa kuwa hajauona.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzitunza amana zao, na azihifadhi nyumba zetu na wote walio chini ya dari zake. Amin.