Macho na Fikira

Jioni moja hapa Nyarugusu, wakati makarasha, mashine zetu za kusagia mawe, yalipokuwa yamenyamaza kwa kukatika umeme na vumbi la mawe lilipoanza kutua juu ya mabati, kijana mmoja mchimbaji alinijia barazani na simu mkononi, akanionyesha picha za Brighton, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza: gati refu linaloingia baharini likimeta kwa taa, kasri lenye makuba kama ya Uhindi, na umati wa watu waliojilaza ufukoni, si juu ya mchanga, bali juu ya kokoto.

"Mwalimu," akauliza, "hawa wote wamelipa nauli ili kutazama maji na kulalia mawe?"

"Ndivyo, mwanangu."

Akatikisa kichwa. "Sisi mawe tunayavunja usiku na mchana, na Nyanza ziwa letu hilo hapo, lakini sijamwona mtu aliyelipa kuja kututazama."

Nilicheka, lakini alipokwenda zake kicheko kilinikauka, maana nilitambua kuwa katika mzaha wake mlikuwa na mas'ala ambayo wanavyuoni na wahenga wameyashughulikia tangu zamani: je, kutazama ajabu za dunia ni ibada au ni laghwi, yaani upuuzi? Dini zetu zimeyasema yote mawili. Muumini ameagizwa atembee katika ardhi, azingatie maumbile ya Mola na mwisho wa waliotangulia. Na muumini huyo huyo ameonywa juu ya jicho lisiloshiba, ambalo kila likipewa hutaka kuongezwa, mpaka likamfanya mwenyewe mtumwa wa mapambo. Wahenga walituambia tutembee tuone, lakini hawakutuambia tuone nini, wala tukiisha kuona tufanye nini. Hayo wametuachia tuyafikiri.

Brighton haukuzaliwa kuwa mji wa matembezi. Ulikuwa mji wa wavuvi, mpaka mwaka 1750 tabibu mmoja, Richard Russell, alipotoa kitabu cha kuyasifu maji ya bahari kuwa ni dawa ya maradhi ya tezi, na wagonjwa wenye mali wakaanza kuiendea pwani ile kuoga maji ya chumvi na hata kuyanywa. Nyuma ya wagonjwa wakaja wazima, na nyuma ya dawa ikaja anasa. Mwana wa mfalme, ambaye baadaye alitawala kwa jina la George wa Nne, alijifanyia makao pale, na kati ya mwaka 1815 na 1822 mbunifu John Nash akayageuza yakawa lile kasri la makuba, ambalo ndani yake, katika ukumbi wa karamu, joka la kuchongwa limeishika kwa makucha taa kubwa ya vioo iliyo juu ya meza. Reli ya kutoka London ilipofika mwaka 1841, karani na mfanyakazi wa kiwandani nao waliweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Na mwaka 1872 ikafunguliwa nyumba ya samaki, ambamo mtu aliweza kutembea kwa miguu mikavu akiwatazama viumbe wa baharini nyuma ya kioo. Hivyo bahari iliyokuwa riziki ya mvuvi ikawa dawa ya mgonjwa, kisha ikawa tamasha. Na sharti tukiri kwamba hakuna dhambi katika hilo, kwa kuwa aliyechoka ana haki ya kupumzika, na Aliyeziumba bahari hakuziumba ziwe mbaya machoni.

Mmoja wa watu waliotembezwa katika mji huo alikuwa wa kwetu. Mwaka 1875 Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alizuru Uingereza kwa taadhima kubwa, na Brighton ukawa miongoni mwa miji aliyofikishwa. Miaka 2 kabla yake, tarehe 5 Juni 1873, alikuwa ametia sahihi, kwa kushurutishwa na Waingereza, mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Sasa serikali ile ile iliyomshurutisha ilikuwa ikimwandalia karamu. Zahir bin Said, aliyefuatana naye, aliandika kwa Kiarabu habari za safari hiyo, na kitabu chake kikapigwa chapa London mwaka 1878. Jina la kitabu hicho lataja vitu viwili vilivyopelekwa matembezini, yaani absar na afkar: macho na fikira. Nimelirudia jina hilo mara nyingi moyoni, kwa sababu naona kwamba jawabu la mas'ala yetu limo ndani yake. Macho yakisafiri peke yake hurudi matupu, hata yakijaa picha. Fikira ikifuatana nayo, safari huzaa.

Lakini fikira ina kazi ngumu, kwa kuwa mgeni haoni tu, bali huonyeshwa. Siku zile zile Sultani alipokuwa akitembezwa, dada yake Salme, aliyetoroka Unguja mwaka 1866, akabatizwa, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, naye sasa akiwa mjane mwenye watoto watatu, alikuwa amefika London kwa tamaa ya kuonana na kaka yake. Katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 ameeleza jinsi Sir Bartle Frere, yule yule aliyepelekwa Unguja mwaka 1873 kwa ajili ya mkataba, alivyomshawishi aiache nia hiyo kwa ahadi ya msaada wa kuwasomesha wanawe, na jinsi ahadi yenyewe ilivyopotea. Sisemi kwamba Barghash angempokea. Ghadhabu yake juu ya dada aliyeacha dini na nyumba ya baba yake ilikuwa nzito. Nasema tu kwamba mwenyeji ndiye aliyechagua kitakachoonekana na kitakachofichwa, na kwamba mtu aweza kupitishwa mbele ya majeshi, viwanda na bustani za nchi nzima, asionyeshwe damu yake mwenyewe iliyo mtaa wa pili. Tazama jinsi lugha yetu ilivyo na hekima: katika shina moja la *kuona* yametoka *kuonyeshwa*, na *kuonana*, na *kuonea*. Aliyeonyeshwa hajaonana na mtu bado. Na aliyeonewa, aghalabu, ndiye ambaye hakuonekana.

Kwa hiyo mwenye kuzingatia, akifika katika mji kama ule, hana budi kuuliza habari za wale wasiomo katika picha. Kasri la makuba ya Kihindi lilijengwa na watu ambao wengi wao hawakuikanyaga Uhindi, kwa kupendezwa na sura ya nchi isiyojulikana nafsi yake. Na kama kwamba Majaaliwa yalitaka kulijibu jengo hilo, Desemba 1914 Wahindi wenyewe wakaletwa humo, si kwa karamu, bali kwa machela. Walikuwa askari waliojeruhiwa katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, na vitanda vyao vikapangwa chini ya dari zile zilizonakshiwa, na majiko yakatengwa ili Mwislamu, Mhindu na Singasinga kila mmoja ale kwa mujibu wa dini yake. Waislamu waliokufa walizikwa Woking, karibu na msikiti wa huko. Wahindu na Masingasinga 53 walichomwa moto kwa desturi yao juu ya vilima vya nyuma ya mji, na mahali hapo likasimamishwa kuba la marumaru, liitwalo Chattri, lililozinduliwa mwaka 1921. Mtembezi anayeliangalia kasri asipande kilimani ameuona mji nusu. Nasi tusijisifu, maana vita hiyo hiyo iliwachukua wapagazi wa nchi zetu kwa makumi ya maelfu, wakafa kwa maradhi, njaa na mizigo, na ukumbusho wao mkubwa ni jina la soko: kila siku twasema Kariakoo, twanunua vitunguu na vitenge, wala hatukumbuki kwamba jina hilo ni la kikosi cha wachukuzi.

Fikira huziona pia ajali za fahari. Gati la kwanza la Brighton, lililoning'inizwa kwa minyororo mwaka 1823, lilizolewa na dhoruba Desemba 1896. Na miezi michache kabla yake, tarehe 27 Agosti mwaka huo huo, mizinga ya manowari za Kiingereza ililibomoa kasri la Unguja kwa muda usiotimia saa moja. Huku tufani ya Mungu, kule tufani ya binadamu, na mwaka mmoja ukaviona vitu viwili vilivyotazamwa kwa mshangao vikawa kifusi. Gati jingine, lililofunguliwa mwaka 1866, lilifungwa mwaka 1975, likaungua mwaka 2003, na mifupa yake ya chuma ingali imesimama majini, nayo watu huipiga picha. Na Barghash mwenyewe aliporudi kwake aliacha mambo mawili yanayofaa kupimwa pamoja: mifereji iliyowaletea watu wa mjini maji safi ya chemchemi, na Beit al-Ajaib, jumba la ajabu alilolijenga mwaka 1883. Jumba lilitazamwa na ulimwengu mzima, hata tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilipoporomoka. Mfereji haukutazamwa na mtu, lakini ulinywesha. Nadhani katika mizani ya thawabu mfereji ndio mzito.

Sasa nirudi Nyarugusu, kwa kuwa swali lilitoka hapa na jawabu lake litakuwa pungufu lisiporejea hapa. Sisi nasi ni watu wa kutazama. Mawe hutolewa duarani, yaani katika shimo la machimbo, kwa kamba, huvunjwa kwa nyundo, husagwa kwenye karasha mpaka yakawa unga. Unga huoshwa kwa maji juu ya mwalo, yaani mteremko uliotandikwa magunia, na kile kilichonaswa na gunia hukung'utiwa katika karai. Hapo ndipo utakapoona jicho la mwanadamu lilivyo: mtu ameinama, pumzi ameizuia, karai analizungusha polepole, tope jekundu likimwagika ukingoni kidogo kidogo, na watu watano nyuma yake hawasemi neno, mpaka chini kabisa uonekane uzi mwembamba wa manjano, au usionekane. Kisha zebaki hutiwa, ikakamuliwa kwa kitambaa, na kidonge kikachomwa, na moshi wake huingia mapafuni mwa mchomaji na mwa mtoto aliyesimama karibu kwa udadisi. Hakuna mtembezi wa Brighton aliyepata kuitazama bahari kwa makini kama hayo. Hata hivyo jicho hilo nalo lina upofu wake, kwa sababu linatafuta kitu kimoja tu: mlima mzima umepita mbele yake likauita takataka, na machweo yanayowaka juu ya vilima vya Geita yamelipita bila salamu.

Basi nimeona kwamba watu hawa wawili, mtembezi na mchimbaji, kila mmoja ameshika nusu ya kuona. Mtembezi hutazama asichokihitaji, na kwa hiyo anaweza kukipenda kwa uzuri wake. Lakini kwa kuwa hakimgharimu ila nauli, husahau kuwa kimemgharimu mwingine. Mchimbaji anaijua gharama, kwa kuwa ameishuka kwa kamba, akipita kati ya matimba yanayoizuia ardhi isimwangukie, naye amewazika wenzake ambao ardhi haikuzuilika. Lakini haja imemnyima nafasi ya kustaajabu. Pete iliyomo kabatini mwa sonara wa mbali humeta kwa ukamilifu, wala haionyeshi duara lililo chini yake. Na kila ajabu ina duara lake: kasri lina lake, gati lina lake, jumba la Sultani lilikuwa na lake, nalo lilichimbwa kwa karafuu, kwa pembe za ndovu na kwa shingo za watu waliotolewa bara, njia za misafara zikipita Unyanyembe, kusini yetu.

Hukumu yangu, kwa hiyo, ni hii: kutazama si ibada wala si dhambi kwa asili yake, bali ni mkopo. Mwenye kuangalia jambo la kustaajabisha amekopeshwa furaha, na deni lake hulipwa kwa mambo mawili, kumshukuru Aliyeumba na kumuuliza aliyejenga: kilipatikanaje, na nani aliyesahauliwa? Akilipa, macho yake yamefanya ibada, hata kama alikwenda kwa kustarehe tu. Asipolipa, amekula cha watu akaondoka, ijapokuwa tikiti alinunua.

Kijana wangu aliporudi siku ya pili nilimwambia hayo kwa ufupi. Alinyamaza, kisha akasema kwamba akijaliwa dhahabu ya kutosha angependa kwenda kuyaona mawe yale yanayolaliwa, naye atalala juu yake siku nzima bila kuyavunja. Nilimwombea. Nawe, msomaji, ukijaliwa kufika Brighton, likague kasri, lakini pia panda kilimani ukawasalimu wale 53. Na ukikosa nauli ya kule, njoo Nyarugusu, kusini ya mji wa Geita. Hatuna gati wala makuba, lakini mdomo wa duara upo wazi, na aliye ndani yake atafurahi kusikia mtu akimuuliza hali.