Bima ya Paka Haisubiri Paka Augue

Mwanangu, paka wa zaidi ya pauni 1,000 si sawa na yule wa mtaani aliyekufuata jikoni ukamtupia kichwa cha samaki. Huyo Maine Coon unayekwenda kumchukua ana cheti chenye majina ya babu na bibi zake, na pamoja na majina hayo huenda amerithi maradhi ya ukoo. Hilo muuzaji haliweki kwenye picha. Ndiyo maana nakuandikia sasa, kabla hujamfikisha nyumbani.

Najua mama yako atacheka akisikia paka amekatiwa bima. Mkumbushe kuwa Marsabit wafugaji walianza kukatiwa bima ya mifugo tangu 2010, na kampuni hutazama hali ya malisho kwa satelaiti ndipo ilipe. Kumkatia mnyama bima si uzungu. Cha kizungu hapo ni bili ya daktari wa wanyama huko Uingereza. Wewe ukiumwa utatibiwa na NHS, huduma yao ya afya ya umma, lakini paka hana NHS. Kidume kikizibwa mkojo usiku wa Jumapili, kibofu hakingoji Jumatatu, na bili ya usiku huo yaweza kupita kodi yako ya mwezi.

Anza na damu yake kabla ya kuanza na bei. Maine Coon na Ragdoll wana ugonjwa wa moyo wa kurithi. Misuli ya moyo hunenepa, nafasi ya damu hubanwa, na paka huendelea kuruka juu ya kabati kama mzima hadi siku anapoanza kuhema, au damu inapoganda na miguu ya nyuma ikakosa nguvu ghafla. Jeni ya Maine Coon iligunduliwa 2005, ya Ragdoll 2007, na siku hizi inapimwa kwa kusugua pamba ndani ya shavu tu. Mwambie mfugaji akuonyeshe majibu ya baba na mama, wote wawili, kwa maandishi. Hata hivyo usilale ukiwa na karatasi hiyo mkononi, kwani wapo paka wanaougua moyo bila kuwa na jeni hiyo. Paka wa Kiajemi naye ana figo zinazojaa vifuko vya maji, na pua fupi inayomsumbua kupumua. Scottish Fold, yule wa masikio yaliyokunjika, msahau kabisa. Kinachokunja sikio lake ni kasoro ya gegedu, na gegedu hiyo imo katika viungo vyake vyote. GCCF, chama kinachosajili paka wa nasaba Uingereza tangu 1910, hakimsajili.

(Ungenisikiliza ungemtafuta paka wa Sokoke, jamaa yetu wa msitu wa Arabuko, ambaye Wagiriama walimwita khadzonzo kabla hajapelekwa Denmark na kufanywa paka wa nasaba. Lakini siku hizi nani anamsikiliza shangazi?)

Sasa bima yenyewe. Utakuta ya ajali peke yake; hiyo ipite, kwa sababu maradhi ya ukoo si ajali. Utakuta inayolipia kila ugonjwa kwa miezi 12, kisha inaufunga. Nyingine inatenga fungu kwa kila ugonjwa, na fungu likiisha, basi, hata kama paka ana miaka kumi mbele yake. Ya mwisho wenyewe huiita ya maisha: fungu linajazwa upya kila mwaka mradi unaihuisha bila kukatiza. Kwa paka wa nasaba, mwanangu, kata hiyo ya mwisho. Fikiria moyo ukigunduliwa paka akiwa na miaka mitatu: dawa kila siku, altrasaundi mara kwa mara, kwa maisha yake yote. Bima ya miezi 12 itakulipia mwaka mmoja tu, halafu itakuacha na ugonjwa ambao kampuni nyingi nyingine hazitaupokea. Rahisi ghali. Hata hiyo ya maisha uitazame vizuri: zipo zenye fungu la pauni 2,000 kwa mwaka na zipo za 15,000, na baadhi huligawa fungu kwa kila ugonjwa badala ya kuliacha lote kwa mwaka mzima.

Nikikazia jambo moja kuliko yote, ni wakati. Kampuni nyingi hazilipii ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima, na maana ya kuwepo kwao ni pana kuliko unavyodhani. Si lazima daktari awe ameupa jina. Dalili ikishaandikwa kwenye faili inatosha: alikohoa, alichechemea, alitapika mara mbili. Goti la kushoto likiwa na historia, baadhi ya hati za bima hulihesabu la kulia kuwa linayo pia. Kwa hiyo kata bima paka akiwa msafi, faili likiwa halina kitu ila chanjo.

Hapo ndipo vijana wengi hunaswa na zawadi ya mfugaji. Utapewa bima ya bure ya wiki nne au tano. Pokea, kisha anza kulinganisha bima nyingine siku hiyo hiyo. Paka akipata kuhara wiki ya tatu, kampuni utakayoiendea wiki ya sita itakuta kuhara kumeandikwa. Tena bima mpya huwa na siku za kungoja, kwa kawaida 14, ambazo ugonjwa haulipiwi. Ukingoja ile ya bure imalizike ndipo ukate nyingine, umemwacha paka uchi wiki mbili, na kitoto kilichotoka kwa mama yake juzi ndicho kinachoumwa.

Usizifiche kampuni neno. Sheria ya bima ya Uingereza ya 2012 inakutaka ujibu maswali yao kwa uangalifu, na ukidai fidia wataomba faili lote la daktari tangu sindano ya kwanza. Aliyeficha kikohozi hujikuta analipa bima miaka mingi bila kuwa na bima.

Kuhusu pesa utakazobeba mwenyewe, usitazame ada ya mwezi peke yake. Tuseme bili ni pauni 2,000, hati inasema unaanza kulipa 100 na baadaye asilimia 20 ya kinachobaki. Utatoa 480 mfukoni. Asilimia hiyo mara nyingi huja kimya kimya paka anapofika miaka minane au kumi, yaani wakati figo na meno vinapoanza kudai. Ada nayo hupanda kila mwaka anavyozeeka, na kuhamia kampuni nyingine ni kuacha nyuma magonjwa yote aliyokwisha kuugua. Kwa hiyo pima kama utaimudu akiwa na miaka kumi na miwili, si kama unaimudu leo. Nyongeza ya kulipia hasara za majirani, kama wanaiuza mbali, waachie. Sheria ya huko haimbani mwenye paka kama inavyombana mwenye mbwa.

Wapo watakaokuambia uweke pauni 30 kila mwezi kwenye kibubu badala ya kuwapa kampuni. Kama moyo wako una shaka na bima kwa sababu ya dini, muulize mwenye elimu, na kibubu kitakuwa njia yako. Lakini jua hesabu yake: mwaka mzima ni pauni 360. FIP, homa inayoua paka wachanga na inayowapata zaidi wa nasaba, tangu 2021 ina dawa halali Uingereza, na tiba yake ni ya maelfu. Kibubu kinahitaji miaka, na kitoto hakina miaka.

Chanjo zisipitwe, na meno yakaguliwe kila mwaka, kwa sababu hati nyingi hukataa jino la paka asiyekaguliwa. Chipu nayo, England ni sheria tangu Juni 2024, kabla hajatimiza wiki 20. Hakikisha imeandikwa jina lako, si la mfugaji.

Kampuni ya bima ikikukatalia dai, omba sababu kwa maandishi na kifungu cha hati wanachokitegemea. Lalamika kwao kwanza. Wana wiki nane za kujibu. Jibu lisipokuridhisha una miezi sita ya kupeleka kesi Financial Ombudsman Service, wasuluhishi wa migogoro ya wateja na kampuni za fedha, na huko hulipi kitu. Ukishakata bima una siku 14 za kubadili nia. Nitumie hati ndani ya siku hizo, na usinipigie picha ukurasa wa kwanza wenye bei. Nataka kurasa za nyuma, zile zilizoandikwa kwa herufi ndogo.